Kuagana na Kuagana: Mikataba ya Ulinzi Isiyosomeka Kando ya Ziwa

Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye nyuso mbili. Kuagana ni kupeana ahadi, na humo ndimo lilimotoka neno agano. Kuagana vilevile ni kupeana kwaheri. Watu wawili waliosimama gatini Kigoma, mmoja akipanda boti na mwingine akibaki, wanaagana. Wafalme wawili waliokula kiapo cha kulindana, nao wanaagana. Muktadha ndio unaomwambia msikilizaji ni kuagana kupi.

Naandika makala haya kwa sababu mikataba ya ulinzi inayotuhusu sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika imetungwa kwa namna ambayo mtu wa Ujiji hana njia ya kujua viongozi wake waliagana kwa maana ipi. Dai langu ni hili, na nalitanguliza ili anayetaka kunipinga asipoteze muda kulitafuta: mkataba wowote unaoweza kumpeleka kijana wa Kasulu au wa Kalemie vitani uandikwe kwa Kiswahili, na matini hiyo ya Kiswahili iwe na nguvu ya sheria sawa na nyingine. Pasipo hivyo, tusiuite mkataba wa kulindana.

Tuanze na matini yenyewe. Tarehe 26 Agosti 2003, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za SADC walitia saini Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja, nao ukaanza kutumika mwaka 2008. Ulitiwa saini katika jiji ambalo mchuuzi, hakimu, kondakta na mbunge wote hufanya kazi kwa Kiswahili. Matini zake zenye nguvu ni za Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili kilikuwa bado hakijawa lugha rasmi ya SADC. Kilikubaliwa miaka kumi na sita baadaye, Agosti 2019, katika jiji lilelile.

Moyo wa mkataba huo ni kifungu cha 6. Kwa maneno yangu, kinasema hivi: shambulio la silaha dhidi ya nchi mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa kanda nzima, na litajibiwa mara moja kwa hatua ya pamoja. Msomaji akiishia hapo moyo unamtulia. Aendelee. Kifungu hichohicho kinasema kwamba hatua hiyo ya pamoja itaidhinishwa na mkutano wa wakuu, na kwamba kila nchi itashiriki kwa namna yoyote itakayoona inafaa.

Soma tena maneno hayo ya mwisho. Sentensi iliyoanza kwa ngumi imemalizika kwa kiganja kilicho wazi. Anayetuma kikosi ametimiza mkataba. Anayetuma dawa ametimiza mkataba. Anayetuma salamu za pole, akiona kuwa ndizo zinazofaa, sioni ni mwanasheria gani atamtia hatiani.

Sasa jaribu kukiandika kifungu hicho kwa Kiswahili, uone lugha itakavyokataa. Lugha yetu imeweka udugu ndani ya kitenzi. Kulinda ni tendo la mmoja kwa mwingine. Kulindana ni tendo la wawili, na silabi moja tu, *na*, imebeba mzigo wote. Hakuna awezaye kusema "nimelindana" akanyamaza. Atadaiwa na sarufi: umelindana na nani? Viambishi hivi vya kutendana ni mashahidi wasionunulika. Kuaminiana, kuapiana, kufaana, kusaidiana: kila kimoja kinadai watu wawili, na kila mmoja awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Ukiandika "nchi wanachama zitalindana", umeshazifunga. Ukiongeza "kila moja ipendavyo", msikilizaji wa sokoni Ujiji atacheka, kwa kuwa amesikia mkia wa sentensi ukila kichwa chake. Kulindana apendavyo kila mtu si kulindana, ni hiari. Neno hiari tunalo, ni zuri, wala si tusi. Basi na lingeandikwa: Mkataba wa Ulinzi wa Hiari. Hakuna mama ambaye angedanganyika.

Hili si la nadharia. Desemba 2023 SADC ilipeleka majeshi mashariki mwa Kongo, na ilipojieleza iliutaja mkataba huohuo wa 2003: aliyeshambuliwa mmoja ametishia amani ya wote. SADC ina wanachama 16. Vikosi vya mapambano vilitoka nchi tatu: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Aprili 2024 tukatangaziwa vifo vya wanajeshi watatu wa Tanzania waliopigwa na kombora. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka. Afrika Kusini ikapoteza askari 14, Malawi na Tanzania nazo zikazika. Februari ikaanguka Bukavu. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wakakutana kwa njia ya video, wakafunga rasmi operesheni. Kuagana kwa maana ya kwanza kukageuka kuwa kuagana kwa maana ya pili, na sheria haikuvunjwa popote. Hilo ndilo linaloniuma. Mkataba ulifanya kazi kama ulivyoandikwa. Nchi tatu ziliona inafaa kupigana. Nyingine ziliona inafaa vinginevyo.

Sisi wa huku hatusomi habari hizo kama za mbali. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwa makao ya Wakongomani tangu 1996. Watoto waliozaliwa kambini wana watoto wao. Mei 2015 Warundi kwa maelfu walijazana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ukingo mwembamba kati ya mlima na maji, kipindupindu kikiwaua, na ikabidi meli ya Liemba iwasombe kuwaleta Kigoma. Kila mkataba wa ulinzi unaoshindwa Kivu au Bujumbura hutia nanga kwetu. Mwalo wa Kibirizi haukualikwa kwenye mkutano wowote, lakini maazimio ya mikutano yote huishia hapo, yakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Najua jibu la kwanza la wasomi wa diplomasia, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi. Wanasema: mikataba yote ya ulinzi duniani imeandikwa hivyo. Hata mkataba wa NATO wa Aprili 1949, katika kifungu chake mashuhuri cha 5, unaanza kwa kusema kwamba shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote, kisha unamwachia kila mwanachama achukue hatua anayoiona ya lazima. Marekani isingekubali kutia saini kitu kinachoipeleka vitani bila Bunge lake. Ulegevu wa maneno, wanasema, ndio unaoziwezesha nchi kukaa meza moja.

Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Sitaki nchi yangu iburutwe vitani na sentensi. Lakini tazama tofauti. Mtu wa Ohio au wa London anaweza kuufungua mkataba wa 1949 na kuusoma kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Akiona kwamba ahadi ni legelege, ameiona mwenyewe, na akimchagua mbunge anamchagua akiwa na habari hiyo. Ulegevu unaosomeka ni siasa; raia wanaweza kubishana juu yake. Ulegevu uliofichwa ndani ya lugha ambayo mwananchi hakuisoma ni kiini macho. Mimi sipingi kwamba mlango uachwe wazi. Napinga kwamba anayepita mlangoni akiwa na bunduki ndiye pekee asiyejua kuwa uko wazi.

Na Kigoma, katika miji yote, ina haki ya kuviogopa viapo vya washirika vilivyoandikwa kwa lugha za wengine. Tuliwahi kuwa ndani ya kimoja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji zilikuwa washirika dhidi ya Mjerumani. Waingereza waliburuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka kusini mwa bara hadi ziwani, wakaiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Wabelgiji wakaichukua Kigoma Julai 1916, na Septemba wakaingia Tabora. Mjerumani, kabla ya kukimbia, aliizamisha meli yake kubwa, Graf von Götzen. Ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa Liemba. Haya husimuliwa sana, maana boti na meli zina mvuto.

Kisichosimuliwa ni jinsi washirika walivyolipana. Vita vilipokwisha, Mbelgiji alipewa Ruanda na Urundi, naye Mwingereza akapata Tanganyika. Kisha mwaka 1921 wakaandikiana mkataba: Ubelgiji ipate eneo lake katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Faranga moja! Milele! Waha waliobebeshwa mizigo ya vita, Wamanyema wa Ujiji, wavuvi wa Kibirizi, hakuna aliyeulizwa, wala hakuna ambaye angeweza kuisoma karatasi iliyoiuza gati yake kwa bei isiyonunua fungu la dagaa. Lugha ya mkataba ilikuwa ukuta wa kwanza wa bandari hiyo.

Ukuta huo ulibomolewa na mtu aliyejua uzito wa maneno. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge kwamba Tanganyika haitafungwa na mapatano hayo: mtawala aliyekuwa mwangalizi tu hakuwa na mamlaka ya kutoa haki ya milele juu ya nchi isiyo yake. Kutokana na msimamo huo likazaliwa fundisho linalojulikana kwa wanasheria wa dunia kwa jina lake, juu ya nchi mpya na mikataba iliyorithishwa. Naliweka mbele ya wenzangu kama kipimo: ahadi haimfungi mtu ambaye hakuwa na njia ya kuijua. Mwalimu alilisema hilo dhidi ya wakoloni. Je, halituhusu sisi kwa sisi?

Jibu la pili la wapinzani wangu ni lile la siku zote: Kiswahili hakina istilahi. Hili nalijibu kwa ufupi, kwa sababu halistahili zaidi. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za KAR. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964, huamrishwa kwa Kiswahili. Kikosi, kombania, doria, mzinga, mstari wa mbele, mateka, usitishaji mapigano, mguu pande, mguu sawa: mtoto wa darasa la tano anaviimba. Uganda imekitaja Kiswahili katika katiba yake, Rwanda imekifanya lugha rasmi mwaka 2017, Kongo inakihesabu miongoni mwa lugha zake nne za taifa. Simama Kibirizi boti za Uvira na Kalemie zikitua. Utasikia Kiswahili cha ng'ambo kikiwa na viambishi vyake na lafudhi yake, na biashara ikaisha bila mkalimani. Lugha inayotosha kumwamrisha kijana afe, itakosaje maneno ya kumweleza kwa nini?

Hata wageni waliokuja kupigana huku walikiazima. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na yeye na wenzake wakajipa majina ya siri kwa tarakimu zetu: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Mwezi Novemba walivuka tena kurudi Kigoma, wameshindwa. Walichukua hesabu yetu kujifichia majina. Hawakuwa na agano lililowekwa wazi la nani anamwamuru nani na nani anamlinda nani. Ushirika wao ulijua kuhesabu hadi tatu, haukufika kwenye *-ana*.

Jibu la tatu ni zito, nami nalipa nafasi. Lugha, wanasema, haizuii usaliti. Oktoba 1996, Lemera, katika milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi, viongozi wanne wa vyama vya wapiganaji waliunda muungano wa AFDL, uliokuja kumng'oa Mobutu. Kisase Ngandu aliuawa Januari 1997, kabla hata ya ushindi. Masasu Nindaga aliuawa mwaka 2000. Laurent Kabila aliuawa Januari 2001. Bugera alikwisha kuhamia upande wa waasi mwaka 1998. Hawa walikuwa watu wanaoelewana kwa Kiswahili. Kiswahili kiliwasaidia nini?

Wengine huenda nyuma zaidi, wakaulilia udugu wa kuchanjiana, kana kwamba damu ilikuwa na uaminifu kuliko wino. Sina ndoto hizo. Mwaka 1876 Stanley alichanjiana na Mirambo, mtawala wa Unyamwezi. Na udugu wa aina hiyo katika njia za misafara kati ya Tabora na Ujiji ulilinda pembe za ndovu na minyororo ya watumwa kama ulivyolinda watu. Damu haikuutakasa ulanguzi. Sitaki turudi kuchanjana.

Lakini angalia utaratibu wa kuchanjiana ulivyokuwa, maana humo mna sheria tatu ambazo mikataba yetu imezipoteza. Maneno yalitamkwa kwa sauti, katika lugha ambayo pande zote ziliielewa. Yalitamkwa mbele ya watu, nao wakawa mashahidi. Na adhabu ya atakayevunja ilitajwa palepale, kwa laana zilizopangwa kabla damu haijakauka. Msaliti aliweza kusaliti. Hakuweza kusema hakuahidi. Hapo ndipo lugha inapofanya kazi. Haimzuii mwongo, inamwondolea mahali pa kujificha. Sisi leo tuna mikataba ambayo mtu anaweza kuiacha mkono bila kuivunja, kwa sababu maneno yalikwisha kupangwa yamfungulie njia.

Basi nataka nini? Nataka mambo matatu, yote yanawezekana kwa kalamu.

Kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi zake zilitia saini Arusha, Aprili 2012, itifaki ya ushirikiano katika mambo ya ulinzi, isiandike kifungu kingine chochote cha kulindana kabla hakijaandikwa kwa Kiswahili. Sisemi kutafsiriwa. Nasema kuandikwa, na matini hiyo iwe na hadhi sawa. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iko Zanzibar. Hiyo ndiyo kazi yake hasa, kuliko makongamano ya kukisifu Kiswahili kila tarehe 7 Julai.

Pili, maneno yatofautishwe kwa ukali. Penye hiari paandikwe hiari. Penye lazima paandikwe lazima. Ushirikiano usiitwe ulinzi wa pamoja, na ulinzi wa pamoja usiitwe udugu. Na liandikwe pia jambo linalokwepwa: mwanachama akimshambulia mwanachama, itakuwaje? Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022 ikiwa inamlalamikia jirani yake aliyekwisha kuwamo humo. Agano lisilo na neno la kumwita ndugu aliyekosa halina ndugu. Lina wageni waliokaa karibu.

Tatu, kifungu kinachopeleka askari nje kisomwe hadharani kabla hajaondoka: bungeni, redioni, na katika wilaya alikozaliwa. Ahadi ni deni, wahenga walisema, na deni lisilojulikana na mwenye kulilipa ni wizi.

Na ninyi washairi wenzangu, msikae pembeni mkidhani haya ni ya majenerali. Kulinda *-ana* ni kazi yetu. Nawaachia beti tatu; atakayeweza azijibu.

Mlioketi vitini, karatasi mwapeana,
Na kalamu mikononi, kwa ahadi za kufana,
Na sisi wa ufukoni, maneno hatujaona,
Agano lisosomeka, ni kwaheri kupeana.

Kijana akiuawa, mama aitwe kwa jina,
Asome apate juwa, ni nani walolindana,
Si kwa lugha ya kupewa, ya wageni waungwana,
Agano lisosomeka, ni kwaheri kupeana.

Ziwa halina mipaka, na ng'ambo tunaonana,
Kiswahili chasikika, usiku hata mchana,
Nacho ndicho nakitaka, kiandike kulindana,
Agano lisosomeka, ni kwaheri kupeana.